Komba wa Songea na Misitu Midogo Inayomlinda

Ukiuliza mkoa wa Ruvuma una wanyama gani wa porini, jibu huanza na tembo. Utatajiwa ushoroba wa Selous–Niassa, unaopita Namtumbo na Tunduru na kuvuka Mto Ruvuma hadi Msumbiji. Utatajiwa nyati, simba na palahala, na siku hizi huwezi kukosa habari za tembo walioingia kwenye mahindi. Komba hatajwi. Jina lake husikika Songea kila siku, maana ukoo wa Komba umeenea kuanzia mjini hadi Mbinga na Nyasa, lakini mnyama mwenyewe amebaki sauti ya gizani. Wapo wanaoihofia sauti hiyo, kwa kuwa kilio cha komba mkubwa hukaribia mno kilio cha mtoto mchanga.

Kumsahau hivi kuna gharama. Tumezoea kudhani kwamba wanyama wa mkoa huu wanalindwa na mapori makubwa ya mashariki na kusini, mbali na makazi ya watu. Kwa tembo, hesabu hiyo ina ukweli. Kwa komba haina. Hatima yake inaamuliwa na vipande vidogo vya msitu vilivyo jirani nasi: chemchemi, kingo za mito, milima iliyo mgongoni mwa mji, na mti mzee wenye tundu uliosalia mpakani mwa shamba. Vipande hivyo ndivyo vinavyopotea bila mtu kuvihesabu.

Komba ni primati, yaani yumo katika kundi moja na tumbili, nyani, sokwe na binadamu. Tawi lake lilijitenga zamani sana. Ndugu zake wa karibu ni poto, anayeishi kuanzia misitu ya Kongo na Uganda hadi Kakamega nchini Kenya, na wale lorisi wa Asia; lemuri wa Madagaska nao wako upande huohuo. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo nuru hafifu ya nyota humtosha kupima umbali wa tawi kabla ya kuruka, na ndiyo sababu ukimmulika kwa tochi macho yake huwaka rangi ya machungwa. Masikio yake hujikunja na kugeuka, na huweza kufuata mlio wa panzi asiyeonekana. Miguu ya nyuma ni mirefu, ya kurukia. Hulowanisha viganja na nyayo kwa mkojo wake mwenyewe, tabia ambayo wataalamu huihusisha na kuacha harufu na kushika tawi vizuri zaidi.

Chakula chake ni wadudu, matunda na utomvu wa miti, na utomvu si kitu cha ziada. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, miombo inapokuwa imepukutisha majani na wadudu wamepungua, utomvu huwa akiba inayomvusha hadi mvua za Novemba na Desemba. Mchana hulala ndani ya tundu la mti, au katika kiota cha majani kilichofichwa kwenye mtandazo. Kwa hiyo komba anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: miti ya kumlisha mwaka mzima, mahali pa kujificha mchana, na matawi yaliyokaribiana kiasi cha kumwezesha kupita bila kushuka chini, ambako paka, mbwa na nyoka humngoja. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havimsaidii sana.

Kuna jambo la nne ambalo watu hulisahau, nalo ni uzazi. Panya mwenye uzito sawa na komba mdogo hubeba mimba kwa wiki tatu hivi na kuzaa watoto wengi kwa mkupuo. Komba hubeba mimba kwa takriban miezi minne na kuzaa mtoto mmoja, au wawili. Udogo wake hutudanganya tukamdhania ni kiumbe kinachoongezeka haraka, kumbe hesabu za maisha yake ni za primati. Kundi likiuawa na moto wa msimu mmoja, pengo lake halizibwi msimu unaofuata.

Tanzania ina aina kadhaa. Komba mkubwa, mwenye kilo moja na zaidi, ndiye mwenye kilio kinachotisha, naye huvumilia mashamba ya miti ya matunda na bustani za mijini. Komba wa Grant ni mdogo kwake kwa mbali, chini ya gramu 200, na eneo lake linaanzia kusini mwa Mto Rufiji na kushuka hadi Msumbiji. Wanasayansi Thomas na Wroughton walimpa jina mwaka 1907 kutokana na mnyama aliyepatikana Msumbiji. Magharibi na katikati ya nchi yupo komba mwingine mdogo wa miombo na migunga. Katika safu za Uluguru, Usambara na nyinginezo za Tao la Mashariki yupo komba wa milimani. Na pwani yupo mdogo kuliko wote, komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi.

Hadi miaka ya 1970 vitabu vingi vilihesabu aina sita hivi za komba barani Afrika. Leo zinakaribia 20. Ongezeko hilo halikutokana na msitu uliokuwa umefichika kwenye ramani. Lilitokana na watafiti kubadili namna ya kutafuta. Walikuwa wakipanga ngozi na mafuvu mezani na kuona wanyama wanaofanana. Simon Bearder na wenzake walipoanza kurekodi milio usiku na kuilinganisha, wakakuta wanyama waliodhaniwa kuwa wamoja wanaita kwa namna tofauti kabisa. Sababu yake inaeleweka. Ndege wa mchana hutambua mwenzake kwa rangi, lakini kiumbe wa usiku hutambua mchumba kwa sauti na harufu. Jamii mbili zinaweza kutengana kwa milenia nyingi huku manyoya yao, kwa jicho la binadamu, yakibaki yaleyale. Komba wa Grant huita kwa mlio unaopanda hatua kwa hatua. Komba wa Zanzibar, jirani yake wa kaskazini mwa Rufiji, ana mlio wake unaojirudia kwa noti mojamoja. Komba wa Rondo huita kwa noti mbilimbili. Msikilizaji aliyefundishwa huwatofautisha gizani bila kuwaona. Mwaka 2017 watafiti waliwaweka komba hawa wadogo wa mashariki katika jenasi yao wenyewe, Paragalago, baada ya vinasaba navyo kuonyesha kwamba si ndugu wa karibu wa komba wadogo wa Kongo walivyodhaniwa.

Komba wa Rondo anastahili kuangaliwa kwa kirefu, kwa sababu yeye ndiye mfano ulio karibu nasi wa mnyama aliyekaribia kupotea kabla hajajulikana. Vielelezo vyake vya mwanzo vilikusanywa kusini mwa Tanzania miaka ya 1950 na kukaa makumbusho bila kutambuliwa kuwa ni aina ya pekee. Ilipofika miaka ya 1990, Paul Honess na Bearder waliusikia mlio usiofanana na wowote katika uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, na mwaka 1997 mnyama akapewa jina la kisayansi. Ni mdogo, ana mkia wenye manyoya yanayozidi kuwa mengi kuelekea nchani, na hupenda sehemu ya chini ya msitu, kwenye vichaka na mashina membamba yaliyosimama, akiruka kutoka shina hadi shina. Huko Rondo anaishi na komba wa Grant msitu mmoja, ila yule hupendelea juu zaidi. Kwa hiyo anayekata fito na nguzo za kujengea, akiacha miti mikubwa imesimama, hajauacha msitu salama kama anavyodhani. Ameondoa ghorofa anayoishi komba wa Rondo.

Rondo yenyewe ilikwisha kuumizwa mapema. Katika miaka ya 1940 na 1950 mvule wake ulivunwa kwa wingi kwa ajili ya mbao, kisha sehemu ya uwanda ikapandwa miti ya kigeni. Msitu wa asili uliobaki ukawa kama kilometa za mraba 25. Maeneo mengine yaliyothibitishwa kuwa na mnyama huyu, mengi yakiwa madogo zaidi, ni haya: Litipo, Chitoa na Ruawa huko Lindi, Ziwani mkoani Mtwara, kisha unaruka zaidi ya kilometa 300 kuelekea kaskazini hadi Pugu na Kazimzumbwi, Pande karibu na Dar es Salaam, na Zaraninge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watafiti Andrew Perkin, Thomas Butynski na wenzao walipojumlisha misitu hiyo walipata kilometa za mraba 101.6. Fikiria eneo la kilometa kumi kwa kumi, lililokatwa vipande na kutawanywa nusu ya pwani ya nchi. Pande, kwa mfano, ilihesabiwa kuwa na kilometa za mraba 2.4 tu za msitu unaomfaa. Mwaka 2008 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimweka katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka; tathmini ya baadaye imemweka daraja moja chini yake, bado hatarini. Tangu 2006 ametajwa mara kadhaa katika orodha ya primati 25 walio hatarini zaidi duniani.

Hapo swali la Songea linaanza: huku kwetu wako komba wa aina gani? Mipaka ya komba imekuwa ikichorwa kwa kufuata mito, hasa Rufiji: kwa sehemu kubwa kaskazini mwake ni komba wa jamii ya Zanzibar, kusini mwake ni wa Grant. Katika nyanda za chini hilo lina mantiki, kwa kuwa mto wenye upana wa mamia ya mita ni ukuta kwa mnyama asiyeogelea wala kutembea umbali mrefu ardhini. Lakini mkoa wa Ruvuma hauko kwenye midomo ya mito. Uko kwenye vyanzo. Mto Ruvuma unaanza milima ya Matogoro, kilometa chache tu kutoka katikati ya mji wa Songea, halafu unakwenda kilometa karibu 800 hadi Bahari ya Hindi. Upande wa pili wa mgongo uleule wa nchi, Mbarang'andu inaingia Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero ndipo Rufiji inapozaliwa. Huku juu, mito ambayo pwani ni mipaka ni vijito ambavyo matawi ya ng'ambo mbili hugusana juu yake. Komba anaweza kuvivuka bila kulowa.

Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo inayoifanya Ruvuma kuwa mahali pa maana kwa mtu yeyote anayetaka kuelewa mtawanyiko wa komba. Mkoa huu unakutanisha miombo ya magharibi, nyanda za juu za Ziwa Nyasa na njia ya maji iteremkayo hadi pwani. Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kutupa funzo mara moja: kipunji, kima mkubwa anayeonekana mchana kweupe na mwenye sauti ya ajabu, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2005 tu, kutoka Rungwe, Kitulo na Udzungwa. Ikiwa mnyama wa ukubwa ule aliweza kukaa bila kutambuliwa na sayansi hadi karne hii, itakuwa haraka mno kudhani kwamba tumemaliza kuwahesabu viumbe wa gramu 100 wanaotoka usiku.

Sasa tuiangalie nchi yenyewe. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katikati ya miombo. Miombo ya hapa si mti mmoja: kuna mitondoro, mininga, misuku yenye matunda ambayo watoto na wanyama huyagombania, na mibura. Mabondeni na kandokando ya vijito kuna misitu ya kijani kibichi mwaka mzima, myembamba, mara nyingine upana wa mita 30 tu. Milimani Matogoro kuna vipande vya msitu wenye unyevu. Mtu wa mchana huona miombo ndiyo msitu na ukanda wa mtoni ni pambo la pembeni. Kwa komba mdogo mambo hugeuka wakati wa kiangazi. Miombo ikikauka, ukanda wa mtoni ndio wenye majani, wadudu, matunda na kivuli cha kulala. Ndio pia barabara yake ya kutoka kilima kimoja hadi kingine. Ukiukata ukanda huo kwa mita 100 katikati, hujapunguza msitu kwa mita 100. Umetenganisha jamii mbili za wanyama ambao huenda wasikutane tena.

Kinachoukata tunakijua. Cha kwanza ni bustani za mabondeni. Nyanya, kabeji, vitunguu na mahindi ya kuchoma ya kiangazi huleta fedha taslimu wakati shamba la mlimani limelala, na hakuna mkulima mwenye akili atakayeacha udongo mweusi wenye maji bila kuulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Mita 60 kila upande, zikiachwa zenye miti, zingekuwa ushoroba wa komba kutoka Matogoro hadi mbali sana, bila kuanzisha hifadhi mpya wala kumhamisha mtu kutoka kijijini. Kila mwaka viongozi huikumbusha kanuni hiyo, vibao hupandwa, na mwaka unaofuata majembe yamerudi hadi kwenye maji. Nadhani kosa liko katika namna inavyotekelezwa. Kumfukuza mkulima bila kumpa njia nyingine ya kumwagilia, hata bomba fupi na pampu ya kuchangia kikundi, ni kumwambia afanye kazi yake usiku.

Cha pili ni moto. Kuchoma nyika ni kawaida ya zamani, na moto wa mapema, wa Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hauui miti mikubwa. Moto wa Septemba na Oktoba ni mwingine. Huo hupanda hadi kwenye mataji ya miti, hula pembe za misitu ya mtoni msimu baada ya msimu, na hugeuza matundu ya miti mikavu kuwa mabomba ya moshi, komba wakiwa wamelala ndani. Mwindaji wa ndezi, mkulima anayesafisha shamba na mlina asali mwenye mwenge wote humo wamo. Asali ina dhara lake la pekee. Mlinaji anayeangusha mti wenye tundu ili apate masega huondoa kwa saa moja chumba ambacho mti ulichukua miongo kukitengeneza. Mizinga ya kuning'iniza ni jibu la tatizo hilo, nayo imeenea mkoani. Kila mzinga uliojaa nyuki ni sababu ya kutoangusha mti mzee.

Kisha kuna kuni, mkaa na tumbaku. Songea na Namtumbo ni nchi ya tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa ndani ya mabani kwa magogo yanayofuka siku nyingi, na chama kikuu cha ushirika cha SONAMCU kimejengwa juu ya zao hilo. Magogo hayo hutoka kwenye miombo. Wakulima wanahimizwa kupanda mikaratusi kwa ajili ya mabani, na wanaofanya hivyo wanaupunguzia msitu mzigo wa kweli. Mkaa wa mjini ni hesabu nyingine kubwa. Kitaifa, Tanzania ilikadiriwa kuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, na takwimu za serikali zilizotolewa baadaye zikaonyesha upotevu wa hekta zaidi ya 469,000 kwa mwaka. Mahindi nayo yamo: Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, na sehemu ya ongezeko la gunia hutoka kwenye ardhi mpya badala ya mbegu na mbolea bora.

Hapa pana mtego ambao hata watu wema huingia. Miombo iliyokatwa huchipua. Baada ya miaka kumi kilima ni kijani tena, picha ya setilaiti inaonyesha msitu, ripoti inaandika kwamba uoto umerejea. Lakini visiki vilivyochipua havina matundu, na miti yenye umri mmoja haina mtiririko wa utomvu na matunda wa mwaka mzima. Vivyo hivyo kwa mashamba ya misindano. Shamba la Miti Wino, huko Madaba, ni mradi wenye faida yake: linatoa mbao na nguzo ambazo vinginevyo zingetafutwa msituni. Msitu wa komba si huo, na hekta za msindano zisijumlishwe na hekta za msitu wa asili kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Ulinzi uliopo kisheria si haba. Komba ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na primati wote wamo katika viambatisho vya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mashariki ya mkoa kuna jumuiya za hifadhi ya wanyamapori za Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule wilayani Namtumbo, na Nalika na Chingoli wilayani Tunduru. Kusini-magharibi lipo pori la akiba la Liparamba. Ila ukitazama mipango ya maeneo haya, kipimo cha mafanikio ni tembo, nyati, na mapato ya uwindaji na utalii. Askari wa doria hufundishwa kusoma nyayo za mchana. Komba hufaidika kwa bahati, pale msitu wa tembo unapokuwa pia msitu wake.

Mfano unaonipa matumaini zaidi uko kwenye misitu ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake, kuuwekea mpango na kula mapato yake. Huko Kilwa, shirika la MCDI lilivisaidia vijiji kupata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya FSC, ya usimamizi endelevu, kwa misitu ya mpingo, na kazi hiyo imefika hadi Tunduru. Kijiji kinachouza mti mmojammoja uliokomaa kwa bei nzuri, na kujenga kwa fedha hiyo zahanati au darasa, hakihitaji kuhubiriwa juu ya moto wa Oktoba, kitauzima chenyewe. Kinachopungukia mipango hiyo ni kifungu kidogo tu: kila eneo la kuvuna liache idadi maalumu ya miti mizee yenye matundu, iliyopakwa alama, isiyoguswa. Haigharimu kitu, kwa sababu mti wenye tundu hauna mbao nzuri.

Wapo watakaouliza kwa haki kabisa: mkoa wenye shida ya barabara, maji na dawa unamhitaji komba kwa lipi? Jibu langu la kwanza ni la maji. Songea inakunywa Matogoro. Mto Ruhila na vijito vinavyoteremka pale ndivyo mamlaka ya maji ya mji, SOUWASA, inavyovitegemea, na mji unakua. Ukanda wa miti anaoutaka komba ndio huohuo unaoshika udongo usijaze bwawa tope na unaoifanya chemchemi idumu hadi Novemba. Jibu la pili ni kwamba komba hula wadudu usiku kucha, kando ya mashamba yetu, bila malipo. Na la tatu sitalificha: hata kama asingetuletea faida yoyote, kiumbe aliyekuwepo kwenye milima hii kabla ya mtu yeyote kuilima ana haki ya kubaki. Sioni aibu kulisema hilo mbele ya mwenye njaa ya ardhi, mradi nisimtake yeye peke yake alipe gharama.

Kwamba kipande kidogo kinaweza kumhifadhi komba, Taita imeonyesha. Katika milima hiyo ya kusini-mashariki mwa Kenya misitu ya mawingu imekatwa hadi vikabaki visiwa. Msitu wa Ngangao una hekta kama 120 tu. Kikundi cha watafiti akiwemo Hanna Rosti kiliingia usiku na vinasa sauti, na mwaka 2020 wakathibitisha kwamba komba mdogo wa milimani bado yupo Ngangao na Mbololo, wakati wengi walikuwa hawana hakika kama amesalia. Hawakumpata kwa mitego. Walimpata kwa kumsikiliza, kisha kwa kamera zinazoona joto la mwili. Habari hiyo ina pande mbili. Msitu wa hekta 120 ulitosha kumweka hai. Lakini jamii iliyobanwa hivyo, isiyo na njia ya kwenda kwa jirani, moto mmoja mbaya unaweza kuimaliza.

Songea haihitaji kusubiri ifike huko. Kinachotakiwa kianzie Matogoro, kwa sababu ni karibu, ni chanzo cha Ruvuma na tayari ni msitu wa hifadhi. Vinasa sauti vinavyojiwasha jioni na alfajiri siku hizi si vya bei ya kutisha. Vichache vikizungushwa kati ya Matogoro, kingo za Ruhila na misitu ya vijiji kwa misimu miwili, ya mvua na ya kiangazi, vingetoa ramani ya kwanza ya sauti ya usiku ya eneo hili. Kazi ya kusikiliza inafaa walimu wa biolojia na wanafunzi wao kuliko inavyodhaniwa, maana masikio ya vijana ni mazuri na wengi wamekulia wakiitofautisha sauti ya bundi na ya perere. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na vyuo vyetu vinaweza kuzihakiki rekodi. Ramani hiyo ikishakuwepo, afisa wa misitu atajua ni kijito kipi kisiguswe kwanza, na mita 60 za sheria zitakuwa na sababu ya pili anayoweza kumweleza mkulima.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande tatu. Kwa SOUWASA na Manispaa: fedha za kulinda vyanzo zianze na kupanda na kuacha miti ya asili kando ya Ruhila, pamoja na kuwapa wakulima wa bondeni maji ya bomba nje ya hizo mita 60. Kwa TFS: mpango wa Matogoro utaje miti yenye matundu na uweke zamu ya kuchoma mapema, kabla ya Julai. Na kwako unayeishi Songea, Namtumbo, Mbinga au Tunduru, ukiwa na mti mzee wenye tundu shambani kwako, usiukate mwaka huu.